Siku Nanzia Alipoukwangua Mfereji

Fumbeni macho, wajukuu zangu. Nawe uliyekaa karibu na mlango, fumba. Mkishafumba, uoneni mlima. Si mlima wa kutisha. Ni mlima wa watu, wenye migomba mgongoni na moshi wa majiko asubuhi. Ubavuni mwake oneni mstari mwembamba unaometa, unaopinda kila mlima unapopinda, kama uzi ambao mshonaji alisahau kuukata. Mstari huo ni mfereji. Juu, unakoanzia, oneni bwawa dogo la mawe na udongo. Watu wa mlima ule huliita ndiva. Chini, unakoishia, oneni shamba la mboga lenye matuta mekundu. Na katikati, ukingoni mwa mfereji, oneni mwanamke kijana ameshika jembe. Anayatazama maji, na moyo wake unadunda kama mchi wa mtu anayetwanga kwa haraka.

Mmemwona? Basi fumbueni, tumfuate.

Ilikuwa kale, kale iliyokwisha kuwa kale hata wazee wa babu zetu walipokuwa wachanga, siku zile milima ilipokuwa bado inajifunza kusimama, na maji yalipokuwa bado yanasikia maneno ya watu. Mwanamke yule jina lake Nanzia. Alikuwa ameolewa katika nyumba ya Bibi Nakijwa, na hicho kilikuwa kiangazi chake cha kwanza pale. Kwao ni upande wa pili wa mlima, upande wa majabali.

Nyumba ile haikuwa na watu wengi. Alikuwapo Bibi Nakijwa mwenyewe, mjane, mwenye goti moja lililokataa kupanda mlima. Alikuwapo Kiondo, mwanawe, mume wa Nanzia, mtu wa maneno machache. Na alikuwapo Namvua, dada yake Kiondo, ambaye maneno aliyopunguziwa kaka yake aliongezewa yeye. Basi. Nyumba nzima ndiyo hiyo.

Sasa sikilizeni habari ya maji, maana bila maji hakuna kisa.

Kijito cha mlima ule kilikuwa chembamba, na watu walikuwa wengi. Wazee wakaweka zamu. Usiku kijito kiliijaza ndiva, asubuhi ndiva ikazibuliwa kwa ajili ya nyumba moja. Ng'ambo ya bonde palikuwa na jiwe refu lililosimama peke yake, likionekana kutoka kila shamba. Jua likichomoza, kivuli cha jiwe kilikuwa kirefu, kimelala mteremkoni kama mtu aliyechoka. Jua likipanda, jiwe lilianza kukimeza kivuli chake. Likimeza kidogo. Likimeza kidogo. Jiwe linapomaliza kukimeza chote, zamu ya asubuhi imekwisha, na maji ni ya nyumba nyingine mpaka jioni. Ukikosa zamu yako, utangoja mpaka mlima mzima unywe, ndipo zamu ikurudie. Mwezi unaweza kufa na kuzaliwa hujapata tone.

Na kulikuwa na desturi. Anayekaa ndivani kulinda kizibo haondoki ndivani. Anayetembea na mfereji hakai chini. Na mfereji ukikatika, aliyeuona apige yowe. Na aliyesikia yowe aje na jembe lake, hata kama yeye na mwenye mfereji hawaamkiani. Lakini aliyeita ataulizwa mbele ya wote umekatikaje, naye atajibu. Na nyumba yake itawapikia waliokuja.

Mmeelewa? Vizuri. Turudi kwa Nanzia.

Mwaka ule mvua za vuli zilikatika mapema, jua la kiangazi likaingia likiwa na njaa. Miche ilikuwa kitaluni: mchicha, mnavu, nyanya chungu, kunde za majani. Mbegu zote za nyumba zilikuwa zimekwenda kwenye kitalu kile. Kibuyu cha mbegu ukikitikisa, hakisemi. Na miche, wanangu, huhamishwa siku ya zamu ya maji. Ukiihamisha kabla, inakauka. Ukiihamisha baada, inakauka. Ni siku ile ile: unaing'oa alfajiri, unaipanda asubuhi, unainywesha kabla jua halijasimama kichwani. Ikifa, nyumba itakula ugali na chumvi, kisha ugali mtupu, kisha itasimama kwenye milango ya watu na bakuli mpaka masika.

Kwa hiyo siku ile kulikuwa na kazi. Kabla jua halijatokeza, Kiondo alichukua fimbo yake akapanda ndivani. Bibi Nakijwa alikaa kitaluni kwenye kigoda, akang'oa miche kwa vidole viwili, akaifunga katika majani ya mgomba, mafungu mafungu, kama mtu anayefunga watoto wachanga. Namvua alitoboa matuta kwa kijiti na kupanda. Toboa, panda, bana. Toboa, panda, bana. Nanzia alibeba mafungu, akakimbia, akarudi, akabeba tena.

"Wifi," alisema Namvua bila kuinua kichwa, "ule mfereji uliousafisha jana nimeuona. Unang'aa. Mtu anaweza kulia ugali humo."

"Si nimeambiwa niusafishe?"

"Umeambiwa. Ila wewe hata uwanja unaufagia mpaka kuku wanateleza. Nilidhani maji utayaosha kabla hayajapita."

"Namvua, panda," alisema Bibi Nakijwa. "Ulimi haupandi mnavu."

"Ungekuwa unapanda, mama, tungekuwa tumemaliza jana."

Bibi Nakijwa alicheka kidogo, akatazama upande wa mfereji, akanyamaza. Nanzia naye alicheka, lakini ndani yake alifurahi. Mgeni katika nyumba hufurahia hata sifa yenye mwiba.

Maana jana yake, wanangu, Nanzia alifanya kazi ya kujionyesha. Kwao, upande wa majabali, mfereji hupita juu ya mwamba, na kuusafisha ni kuukwangua: majani yote, magugu yote, kila uzi wa kijani, mpaka jiwe libaki jeupe. Akaukwangua mfereji wa Bibi Nakijwa hivyo hivyo. Alikwangua chini, akakwangua ubavuni, akakwangua ukingoni mpaka udongo ukabaki uchi, mwekundu, laini, unapendeza kama chungu kipya. Jioni alirudi na mikono ina malengelenge, akasema moyoni: sasa watajua wameoa mtu.

Lakini mfereji ule haukupita juu ya mwamba. Mnasikia? Haukupita juu ya mwamba.

Jua likachomoza. Kule juu Kiondo akaizibua ndiva. "Maji," aliita, sauti yake ikashuka kwa mwangwi. Nanzia akachukua jembe akaenda kuyapokea katikati ya njia, kwa sababu siku ile kutembea na mfereji ilikuwa kazi yake.

Yakaja. Yakaja yakisukuma mbele yake vijiti na povu, yakiimba chururu, chururu, yakapita miguuni pake, yakapinda na mlima, yakateremka. Kutoka shambani Namvua aliita kwamba yamefika. Nanzia akatembea nayo. Aliondoa jani hapa, aliinua kijiti pale. Ng'ambo ya bonde jiwe lilikuwa limeanza kumeza kivuli chake.

Ndipo alipoliona tone.

Si tone hasa. Ulikuwa unyevu ubavuni mwa ukingo, upande wa bondeni, kama jasho kwenye shavu. Akainama. Unyevu ukawa mchirizi. Akaweka kidole, kidole kikazama. Akakitoa, na maji yakafuata kidole.

Nanzia alikanyaga pale kwa mguu. Unyayo wake ulilifunika tundu lote, kisigino hadi vidole, na maji yakakoma. Alisimama hivyo, mguu mmoja ukingoni, kama korongo. Akafikiri: nipige yowe?

Akafikiri tena: nikipiga yowe, Kiondo ataziba ndiva, na zamu itakwenda bure. Watu watakuja na majembe. Wataona ukingo uko uchi. Wataniuliza, na Namvua atasikia nikijibu. Na mama atasikia. Ni tundu dogo. Linafunikwa na unyayo. Nitaliziba mwenyewe, na hakuna atakayejua.

Akainua mguu, akachimba udongo, akaupiga pale kwa jembe. Maji yakaunywa udongo ule kama uji. Akachimba tena, akapiga tena. Maji yakanywa tena. Tundu likawa pana kama sahani.

"Wifi," sauti ya Namvua ilipanda kutoka chini, "maji yamekonda."

"Yanakuja," alijibu Nanzia.

Akakimbilia jiwe, akaliviringisha, akalitumbukiza. Jiwe likakaa, akashusha pumzi, kisha likazama taratibu na kwenda zake bondeni likiwa limebeba kipande cha ukingo. Tundu likawa pana kama ungo. Na ng'ambo ya bonde lile jiwe kubwa likameza kidogo.

"Wifi, yamekuwa uzi sasa. Huko juu unayanywa?"

"Yanakuja, Namvua. Yanakuja."

Akakata shina la mgomba, akalilaza, akalikalia. Akaongea na maji, maana siku zile maji yalikuwa yanasikia. "Maji," alisema kwa sauti ya chini, "ninawaomba, subirini kidogo. Miche iko wazi. Mizizi yake inaiona hewa. Nisitirini leo tu." Maji yalisikia. Lakini kusikia si kutii, na hilo ninyi mnalijua kuliko mimi. Yaliimba chururu, yakaliinua shina la mgomba na Nanzia juu yake, yakamweka kando kwa upole, yakaendelea na safari yake ya bondeni. Pengo sasa mbuzi angeweza kulala ndani yake na kunyoosha miguu.

Na bondeni kulikuwa na nini? Bondeni kulikuwa na shamba la Mzee Sekiete. Mzee yule na Bibi Nakijwa hawakuwa wakiamkiana, kwa ajili ya ugomvi wa mpaka wa zamani ambao hata mpaka wenyewe ulikuwa umeusahau. Tena, zamu ya mchana ilikuwa yake. Nanzia aliona maji mekundu yakiingia katika kunde za mzee yule, yakizilaza chini mstari kwa mstari.

Aliangalia ng'ambo. Kivuli cha jiwe kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Kilikuwa kifupi sana.

Ndipo ikaja sauti ya tatu kutoka shambani. Haikuwa ya Namvua. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, yenye pumzi fupi, ya mtu aliyesimama kwa shida juu ya goti bovu ili asikike.

"Nanzia, mwanangu. Maji hayapo."

Nanzia alifungua mdomo aseme yanakuja. Neno lilifika kwenye meno likakataa kutoka. Unaweza kumwambia wifi yako yanakuja. Lakini mama amesimama pale, mafungu ya miche yako miguuni pake, na mizizi yake inaiona hewa. Maji hayapo, naye anajua hayapo, na bado anakuita mwanangu.

Nanzia alitupa jembe. Aliweka mkono mdomoni akapiga yowe.

Alipiga yowe kama ilivyopasa, refu, la kupanda na kushuka, kisha akaita, "Mfereji umekatika. Mfereji wa nyumba ya Nakijwa umekatika. Njooni." Mlima ukalipokea yowe, ukalipitisha kwenye migomba, ukalirudisha. Kule juu wimbo wa maji ulipungua, ukawa mnong'ono, ukanyamaza: Kiondo alikuwa ameziba ndiva.

Kisha majani yakasikika yakikanyagwa. Wakaja. Mmoja alikuja na jembe, mwingine na panga, mwanamke mmoja alikuja na mwiko mkononi kwa sababu ndicho alichokuwa ameshika. Namvua alikuja anahema, udongo mpaka viwikoni. Na kutoka chini, akipanda polepole, miguu ina tope mpaka magotini, alikuja Mzee Sekiete. Yeye hakuhitaji kuambiwa. Mfereji ulikuwa umemwamkia shambani kwake.

Alisimama mbele ya pengo. Alilitazama. Akatazama ukingo huku na huku, ulivyokuwa mwekundu na laini.

"Nani amekwangua hapa?" aliuliza.

Namvua alimtazama wifi yake, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile akaufunga.

"Ni mimi, baba," alisema Nanzia. "Nilikwangua jana. Kisha leo niliona tundu likiwa dogo, linafunikwa na unyayo wangu, nikaona haya kuita. Nikaziba peke yangu mpaka likawa hivi. Kunde zako nimeziona. Ni mimi."

"Kwenu mnakwangua?"

"Kwetu mfereji ni wa mwamba, baba."

Mzee Sekiete aliguna. Aling'oa shada la majani kutoka juu ya njia, akamwonyesha mizizi yake, jinsi ilivyobana bonge la udongo kama vidole vinavyobana tonge.

"Hapa hatuna mwamba," alisema. "Hapa majani ndiyo mwamba wetu. Haya, mnatazama nini? Kateni mabonge na majani yake. Jiwe halitungoji."

Wakafanya kazi. Walikata mabonge ya udongo yenye majani, wakayapanga kama matofali. Wakachomeka vigingi. Wakalaza mashina ya migomba nyuma ya vigingi, wakaweka mabonge mengine juu, kisha wakapanda wote na kukanyaga. Kanyaga, geuka. Kanyaga, geuka. Yule mwenye mwiko alipigilia matope kwa mwiko. Namvua alirudiwa na ulimi wake.

"Shoga, ukitoka hapo utapika nao ugali?"

"Nitaupika. Na wewe nitakukaribisha."

Watu walicheka, lakini kwa jicho moja, maana jicho jingine lilikuwa ng'ambo ya bonde. Jiwe likameza kidogo. Nanzia hakucheka kabisa. Alibeba mabonge mpaka malengelenge ya jana yakapasuka, na bado alibeba.

"Zibua," aliita Mzee Sekiete.

"Zibua," mlima ukaitikia. Kiondo akazibua. Maji yakaja, yakafika pale penye kiraka, yakakigusa, yakakizunguka kama mbwa anayenusa mgeni. Kisha yakapita. Chururu, chururu, yakapinda na mlima, yakaenda shambani.

Namvua alikwishakimbia mbele yake. Akafungua tuta la kwanza, likanywa. Akafunga, akafungua la pili, likanywa. Nyanya chungu zikanywa. Mnavu ukanywa. Zilibaki kunde na mchicha, matuta ya chini kabisa, na jua lilikuwa kali kama pilipili. Miche ya kule ilikuwa imelaza shingo.

Na jiwe likameza kivuli chake chote.

Bibi Nakijwa aliliona. Namvua aliliona. Wote waliokuja waliliona. Desturi ilikuwa moja: nyumba iliyomaliza zamu ndiyo hufunga mfereji wake kwa mkono wake yenyewe, na kuyapisha maji. Nanzia alikuwa amesimama pale mfereji wa mzee unapochepuka, kando ya shamba lao. Mkononi alikuwa na bonge la kuzibia. Angeweza kuliweka vibaya. Bonge likikaa upande kidogo tu, uzi wa maji ungeendelea kupenya mpaka kwenye mchicha, na nani angejua? Alifikiria jambo hilo. Msiseme hakulifikiria. Alilifikiria kwa muda wa kumeza mate.

Kisha akainama akaliweka bonge sawasawa, akalikanyaga kwa kisigino. Hata tone halikupenya.

"Maji ni yako, baba," alisema.

Mzee Sekiete aliyatazama maji yakigeuka kuelekea kwake. Watu nao walimtazama yeye, na katika macho yao palikuwa na ombi ambalo hakuna aliyelitamka.

"Zamu siigawi," alisema. "Nanyi msiniangalie hivyo. Wajukuu zangu wana midomo kama wenu, na kunde zangu nusu zimekwisha kulala."

"Hakuna aliyekuomba," alisema Bibi Nakijwa. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia kwa miaka mingi, na wala halikuwa tamu.

Nanzia hakungoja waendelee. Alichukua kibuyu, akageuka kuelekea kijitoni, kule chini kabisa, ambako njia ni ya mawe na kurudi ni kupanda. Alikuwa amekwishapiga hatua kadhaa Mzee Sekiete aliposema, "Mkaza mwana wa Nakijwa. Unakwenda wapi?"

"Kuchota, baba. Maji ya zamu yamekwisha. Maji ya kichwani hayana zamu."

"Hilo ni kweli. Lakini ukienda mpaka kijitoni utarudi na kumwagilia majivu." Alikuna kidevu kama mtu anayevutwa kitu mfukoni. "Chota hapo hapo yanapopita. Kibuyu hakijawahi kukausha mfereji."

Nanzia akachota. Namvua akachota. Waliokuja kwa yowe wakatafuta vibuyu, vyungu, vifuu vya nazi vilivyoletwa na wachuuzi wa pwani, chochote chenye tumbo, wakachota. Wakaunda mstari kutoka mferejini hadi kwenye kunde. Chota, pokeza, mwaga. Chota, pokeza, mwaga. Mche kwa mche, kwenye shina, bila kulowesha jani, maana jani lililoloweshwa mchana huungua. Jua lilianza kuteremka na wao bado wanachota.

Kunde waliziokoa zote.

Mchicha hapana. Nisiwadanganye, wanangu. Walipoufikia ulikuwa umekwisha. Umelala juu ya matuta kama nyuzi, kijani bado ni kijani lakini uhai haumo. Nanzia alimwagilia hata hivyo, tuta la kwanza, tuta la pili, mpaka Bibi Nakijwa akaja akichechemea na kumshika mkono uliobeba kibuyu.

"Basi, mwanangu. Huo hausikii tena."

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe. Nami nimo." Bibi alikaa ukingoni mwa tuta, akanyoosha goti lake. "Jana nilikuona ukikwangua. Nilikuwa pale chini, niliona majani ya ukingoni yanaruka. Nikasema moyoni, ukingo ule hautastahimili. Kisha nikasema, mgeni ana bidii, nisimvunje moyo, atadhani mama mkwe hapendezwi na lolote. Nikaingia ndani nikakaa kimya."

Nanzia alimtazama. Akakiweka kibuyu chini.

"Tulioneana haya," alisema Bibi Nakijwa. "Wewe kwangu, mimi kwako. Mfereji ukakatika katikati yetu."

Namvua, aliyekuwa anasikiliza huku anajidai anafunga vibuyu, alisema, "Na mimi niliuona unang'aa, nikautania. Kesho nitakuwa nasema mambo mapema. Mjiandae, nina mengi."

"Hilo halikuwahi kutupungukia," alisema mama yake.

Sasa desturi ilikuwa inangoja: walioitikia yowe ni lazima wale. Na nyumba ya Nakijwa ilikuwa na unga, lakini mboga? Mnavu ndio kwanza umepandwa, kunde hivyo hivyo, nyanya chungu haijui hata kama itazaa. Nanzia akachukua ungo, akaenda kwenye matuta ya mchicha uliokufa, akaanza kuuchuma, mche mmoja mmoja, na mizizi yake midogo myeupe. Bibi Nakijwa aliuosha. Namvua aliuchemsha kwa chumvi. Yule jirani mwenye mwiko alisonga ugali kwa mwiko ule ule, baada ya kuuosha, maana Namvua alisimama kuhakikisha.

Wakala wote, kabla jua halijazama. Kiondo aliteremka kutoka ndivani, akamega tonge, akachovya, akatafuna, akamtazama mkewe. "Laini," alisema. Hilo lilikuwa neno lake la siku. Mzee Sekiete naye alikula, kwa sababu desturi haikuuliza kama mnaamkiana. Alipomaliza alinawa, akasimama, akasema, "Nakijwa, kesho nitahitaji mtu wa kuziinua kunde zangu na kuzishikiza kwa vijiti."

"Nitamleta mkaza mwana wangu," alisema Bibi Nakijwa, "na ulimi wa binti yangu juu."

"Mkaza mwana anatosha," alisema mzee, akaondoka.

Masika yalipofika, nyumba ile ilikuwa imekula mnavu, imekula kunde, imekula nyanya chungu. Mchicha haikuula, ila ule wa siku ile moja. Na hakuna aliyesimama kwenye mlango wa mtu na bakuli.

Mmefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nanyi mnaitikia vizuri sana, nawasikia. Ni kweli. Lakini kuna ufa ambao umeutoboa mwenyewe kwa bidii yako. Huo ndio mgumu, kwa sababu ukitaka kuuziba vizuri lazima kwanza uuonyeshe kwa watu.

Kisa changu kimefika mwisho wa mfereji. Kilichobaki kimeingia ardhini, na aliye na kiu akichimbue. Kalaleni, wajukuu zangu. Ila kabla hamjalala nawaomba mkumbuke jambo moja, moja tu, mengine yote mkiyasahau si neno: itaneni wakati ufa bado unaweza kufunikwa na unyayo.